Mume wangu anasema niuze baiskeli

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 43, naishi Kinyerezi na kazini kwetu ni Posta. Mwaka jana daktari aliniambia presha imepanda. Akanianzishia dawa na kunishauri nitafute zoezi nitakalolipenda, maana gym nilikuwa nalipia na kuishia njiani. Nikakumbuka baiskeli. Nimekulia Kahama, na Phoenix ya baba ndiyo tuliyojifunzia nyumba nzima, mguu umepitishwa katikati ya fremu kwa sababu juu ya mtalimbo, lile bomba la juu la fremu, hatukufika.

Ofisini yuko kaka mmoja anayeendesha na kundi lao kila Jumamosi, wale wanaovaa nguo za kubana, wanatoka Masaki mpaka Bunju na kurudi. Nikatamani. Nikaenda Kariakoo nikanunua baiskeli ya resi ya mtumba, zile zenye usukani uliopinda kwa chini, laki nne na nusu baada ya kubembeleza sana. Muuzaji akaniapia imetoka Japani na ni saizi ya kila mtu. Kwenye bomba chini ya kiti imebandikwa namba 58. Mimi ni mfupi, futi tano na inchi tatu.

Tangu hapo ni mateso. Nusu saa tu vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi, mkono huu na huu. Kiuno kinauma. Pengine panapouma siwezi kupaandika hapa. Jumamosi moja ya mwezi wa saba nilitoka na lile kundi, wakaniacha Tegeta. Niliona migongo, kisha sikuona hata migongo. Nikageuza peke yangu, upepo unanipiga usoni njia nzima, nikarudi nalia. Wiki iliyofuata nikajaribu huku kwetu, barabara ya Segerea. Daladala ikanipita, ikajitupa kituoni mbele yangu, nikakwepa kushoto nikaingia kwenye mchanga, chini. Goti na kiwiko, kuchubuka tu.

Mume wangu niliponunua alicheka, hakusema kitu. Baada ya kuanguka ndipo aliposema. Ati mwanamke mwenye gari kupanda baiskeli ni kumwaibisha, majirani wameshaanza kuuliza kama gari limechukuliwa na benki. Mama mkwe kaongeza kwamba mama wa umri wangu kukalia kile kiti si heshima. Nimeambiwa niuze. Iko stoo, sijaiuza.

Shangazi, umri umenipita? Niiuze kweli? Kuna barabara Dar hii ambayo mwoga kama mimi anaweza kuendesha? Navaa hijabu, nivae nini? Na yule kaka anasisitiza ninunue viatu vinavyonasa kwenye pedeli, anasema ndiyo siri yenyewe. Kundi lina safari ya Bagamoyo Desemba, na roho yangu iko huko.

Mama Watatu, Kinyerezi

*

Marahaba mwanangu. Pole na goti.

Iuze.

Nimeanza na hilo ili mumeo afurahi kidogo kabla hajasoma yanayofuata. Hiyo baiskeli si yako na haitakuwa yako hata uizoee vipi. Hiyo 58 ni sentimita, ndicho kipimo cha fremu, na fremu ya 58 ni ya mtu wa futi sita na zaidi. Wewe wa futi tano na inchi tatu unatafuta 49 au 50, ikizidi sana 52. Saizi ya kila mtu ipo kwenye khanga, kwenye baiskeli ya resi haipo.

Ganzi yako inatoka hapo. Usukani uko mbali, unaufikia kwa kunyoosha mikono mpaka viwiko vinakaza, uzito wote wa kifua unalalia viganja, na mshipa wa fahamu unaokwenda kidole kidogo na mwenzake unabanwa. Kiuno nacho kinavutwa na umbali huohuo. Fundi atakuambia atasogeza kiti mbele na kubadilisha kile kipande kinachoshika usukani, aweke kifupi. Hiyo ni dawa ya aliyekosea kidogo. Wewe ukifanya hivyo utakuwa umeongeza hela juu ya hela na vidole bado vimekufa.

Ukirudi Kariakoo, nenda na viatu vya raba na suruali, na usikubali kuelezwa, ipande. Simama wima umeiweka katikati ya miguu, nyayo zote mbili ziko chini: kati ya mtalimbo na mwili wako pabaki nafasi ya vidole viwili vitatu. Kisha kaa, shika usukani pale juu kwenye breki, viwiko vikunje kidogo. Ukiona unajivuta kuufikia, shuka. Pitisha kucha kwenye maungio ya fremu kutafuta ufa uliofichwa na rangi mpya. Zungusha kila gurudumu na utazame rimu inavyopita kwenye breki, ikiyumba utaiona. Minya tairi: mpira uliokaa miaka kwenye kontena una vijufa vidogo vidogo pembeni, na huo hata ukiwa na vijino vyote ni wa kutupa.

Na breki ziangalie kwa mkono wako mwenyewe, kwa sababu mtumba unatoka nchi nyingi. Za Japani na Uingereza kwa kawaida mkono wa kulia ndio breki ya mbele. Zilizotoka Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya, ya mbele iko kushoto. Isukume baiskeli kwa miguu, minya mmoja mmoja, uone gurudumu lipi linakataa. Hutaki kulijua hilo siku bajaji imekukatia mbele.

Ukishapata ya saizi yako, kiti. Egemea ukuta, kaa, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unyooke. Ukirudisha pedeli chini ya unene wa mbele wa unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo tu. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi kiti kiko chini mno. Likiuma kwa nyuma, kiko juu mno. Wanaoanza wengi hukishusha ili miguu yote ifike chini wakisimama, halafu wanalaumu magoti yao. Ukisimama unateremka kitini, mguu mmoja chini, ndivyo inavyofanywa.

Sasa pale ulipoona haya kupaandika. Usikimbilie kile kiti kinene kama mto. Unazama ndani yake, halafu nyama ndizo zinazobeba uzito badala ya ile mifupa miwili ya makalio. Tafuta kiti chenye upana wa kutosha mifupa hiyo ikae juu yake, kilazwe sawa, ncha isiinuke. Kisha nunua kaptura ya baiskeli yenye sponji, na sikia vizuri: ndani yake havaliwi chupi. Mshono wa chupi ndio unaokuchuna. Juu ya kaptura vaa suruali ya mazoezi nyepesi, au kanzu fupi inayoishia mapajani, hakuna atakayeona kitu. Baibui na dera viache nyumbani, si kwa sababu ya dini bali kwa sababu ya spoki. Mguu wa kulia wa suruali, upande wa cheni, ufunge kwa mpira. Hijabu tafuta ile ya michezo, nyembamba, isiyo na pini, helmeti ikae juu yake bila kucheza. Helmeti ikae usawa, vidole viwili juu ya nyusi. Kuivaa kisogoni ni urembo tu.

Umri? Mwanangu, 43 bado. Ule msafara wa baiskeli wa Twende Butiama wa kumuenzi Mwalimu Nyerere unaondoka hapahapa Dar na kukatiza nchi, na si wote waliomo ni vijana. Linalonishughulisha mimi ni dawa yako ya presha. Rudi kwa daktari na jina la vidonge, mwambie unataka kuendesha baiskeli kwenye joto. Kuna dawa za presha zinazokukojoza, na Dar ya mwezi wa kwanza inakukausha hata bila hizo. Kuna nyingine zinazozuia moyo usiende mbio. Ukiwa kwenye hizo, yale mapigo ya moyo wanayohesabiana wenzako kwenye saa zao si kipimo chako. Ukipata maumivu ya kifua au kizunguzungu, shuka, kaa kivulini, piga simu.

Halafu gia. Nahisi unasukuma gia nzito, kwa sababu ndivyo Phoenix ilivyotufundisha wote, ilikuwa na moja tu. Kwenye hii, nguvu ya misuli inaisha upesi, pumzi inarudi upesi, kwa hiyo chagua kuhema badala ya kukaza mapaja. Hesabu goti moja linapanda mara ngapi kwa sekunde 15. Likifika 20 uko pazuri. Likiwa 12, punguza gia, na uipunguze kabla hujafika kwenye mlima, maana cheni iliyokazwa haipendi kuhamishwa.

Barabara sasa, na hapa nitakaa.

Kwa kuanza, Segerea siku ya kazi iache. Jumapili asubuhi pakia baiskeli kwenye gari, gurudumu la mbele linatoka na siti za nyuma zinalala, nenda Oysterbay. Toure Drive pembeni ya Coco Beach mpaka Masaki, urudi na Haile Selassie, uzunguke tena. Ni tambarare, na asubuhi ile utakutana na wakimbiaji wengi kuliko magari. Ukichoka nayo, panda Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022, kilomita moja na kidogo juu ya bahari, na huko utajifunza upepo wa ubavuni ni nini. Ukitaka vilima, Chuo Kikuu pale Mlimani kuna vya kukutosha, na Jumapili pametulia. Kigamboni nako, ukishavuka ukashika njia ya Mjimwema, pana nafasi, ila mchanga umelala pembeni. Njia za mwendokasi usiingie hata zikiwa tupu kiasi gani, zile ni za mabasi.

Toka kukiwa kumepambazuka. Kwetu jua linachomoza kati ya saa 12 kasoro kidogo na saa 12 na nusu hivi mwaka mzima, kwa hiyo saa 11 ya giza usijipeleke, na kufika saa 2 na nusu uwe umeshageuza kurudi, kabla jua halijawa jua. Taa nyekundu ya nyuma iwake hata mchana.

Ulipoanguka, ulikuwa wapi barabarani? Naweza kukisia: umejibana ukingoni kabisa, ukidhani huko ndiko usalama. Ukingo wa barabara za Dar ndiko kuliko na mchanga, vifuniko vya mitaro vilivyozama, vipande vya chupa, na bodaboda anayekuja kinyume. Tena ukijibana, dereva anaona nafasi ya kukupita bila kuhama, anakupita kwa kukukwaruza. Endesha kushoto kama sheria inavyotaka, lakini hatua moja kubwa kutoka ukingoni, na mstari wako unyooke. Huko utakuwa na pa kukimbilia. Mchanga ukikukuta, usifunge breki ya mbele na usikate kona. Legeza mikono, acha kukanyaga, upite ukiwa umenyooka.

Daladala nayo ina tabia zake, na zinasomeka. Ikikupita karibu na kituo, itaingia kushoto, taa ya kuonyesha iwake isiwake. Mtazame konda: akishaning'inia mlangoni au akipiga bati, gari linasimama. Wewe punguza, kaa nyuma yake, ngoja. Kosa kubwa kuliko yote ni kupenya kushoto, kati ya mlango na kituo, maana abiria wanaruka bila kutazama. Kama unataka kuipita, geuza shingo utazame nyuma, nyoosha mkono wa kulia, upite kulia mbali kidogo na ubavu wake. Hiyo shingo ifanyie mazoezi Toure Drive kwanza. Watu wengi wakigeuza shingo na baiskeli inageuka.

Pancha utapata, zoea. Zile nyaya nyembamba kama nywele zinazotoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka ndizo zinazotuua, macho hayazioni. Uliza kama fremu inapokea tairi ya upana wa milimita 28 au hata 32, usikubali 23 kwa barabara zetu. Wala usijaze upepo mpaka ile namba kubwa iliyoandikwa pembeni. Kwenye 28, mtu wa kilo 65 au 70 anatosha na kama paundi 70, hapo baiskeli haikurushi. Na valvu za baiskeli hizi nyingi ni zile nyembamba zenye kinati cha kufungua kwenye ncha. Mjaza upepo wa barabarani atakutazama tu, pampu yake haishiki. Kuna kidude cha shaba kinafungwa juu yake pampu ya kawaida ikakubali, bei yake ni ndogo. Beba hicho, tyubu moja, vijiko viwili vya kutolea tairi na pampu ya mkono. Kutoa gurudumu jifunze sebuleni, watoto wakusaidie.

Lile kundi halikukosea kukuacha, ila aliyekupeleka alipaswa kukuambia wanakimbia kiasi gani. Na wewe ulidanganywa na upepo. Mwezi wa saba ni kusi, upepo unaotoka kusini: kutoka Masaki kwenda Tegeta ulikuwa unasukumwa mgongoni bila kujua, ukajiona uko vizuri, ukatumia vyote. Kusi lenyewe alfajiri limelala, jua likipanda linaamka, kwa hiyo ulipogeuza ulilikuta limeshapata nguvu. Siku ukiwa peke yako anza kwa kwenda upepo unakotoka, urudi ukisukumwa. Ukiwa na watu, kaa nyuma ya mwenzako. Aliye nyuma karibu anapunguziwa kazi robo, wakati mwingine theluthi, na ukiachwa mita kumi tu umerudi kubeba karibu mzigo wako wote mwenyewe. Lakini gurudumu lako la mbele lisipishane ubavuni na la nyuma la mwenzako, yakigusana anayeanguka ni wa nyuma. Wakinyoosha kidole chini wanaonyesha shimo, nawe mwonyeshe aliye nyuma yako. Usirudi kwa hao wa Jumamosi kwa sasa. Mwulize yule kaka nani kati yao anaendesha taratibu, makundi mengi huwa na watu wa mkia, ujiunge na mkia.

Njiani maji chupa moja ya nusu lita kwa saa, wakati wa kaskazi, ule msimu wa joto wa upepo wa kaskazini, hata mbili. Ukizidisha saa moja na nusu, kula kabla ya njaa: tende, kashata, ndizi mbivu.

Mumeo. Tazama alianza kusema lini. Uliponunua alicheka. Aibu ya majirani imezaliwa siku uliyorudi na damu gotini. Mimi nasoma hapo woga, na mwanaume wa kwetu akiogopa huwa anasema ni heshima. Kwa hiyo usimjibu habari za majirani. Mwambie njia utakayopita na saa ya kurudi, mtumie mahali ulipo kwenye simu, mwonyeshe taa na helmeti. Panga naye nani anawapa watoto chai asubuhi hiyo, maana hilo nalo linaweza kuwa ndilo linalomkera na hujaliandika. Majirani wanaouliza gari liko wapi waambiwe limepumzika. Hapa Dar tumezoea kuona baiskeli chini ya magunia ya mkaa kutoka Kisarawe na trei za mayai, ndiyo maana mtu mwenye kitambulisho cha ofisi akipanda wanadhani amefilisika. Kwenu Kahama mwenye Phoenix alikuwa mtu. Mama mkwe usibishane naye, mtajie presha. Wazee presha wanaijua kuliko mimi na wewe.

Bagamoyo ni kama kilomita 65 kutoka Masaki, na Desemba kaskazi inakuwa imeanza, yaani kwenda utapigwa na upepo usoni, tena vuli huenda bado inanyesha. Kwenda na kurudi siku moja, usijidanganye. Ongeza safari yako ndefu kidogo kidogo, kila wiki ya nne upunguze mwili upumzike. Ukishaweza kwenda Bunju na kurudi na bado ukapika jioni, kwenda tu utaweza. Mumeo aje na gari na watoto wakukute huko mle samaki, baiskeli irudi imelala nyuma. Asipotaka kuja, yapo magari ya kurudi Makumbusho, mpe konda nauli ya mzigo.

Viatu vya kunasa si siri ya kitu. Anayevianza huanguka akiwa amesimama, taa nyekundu, mbele ya watu, kwa sababu mguu umesahau kutoka. Pedeli bapa na raba yenye soli ngumu zitakufikisha Bagamoyo. Mwakani tuzungumze. Hizo hela weka kwenye tairi.